Televizioni ya Kasha la Ndagala

Juzi mjukuu wangu aliegemeza simu yake kwenye ndoo ya maji hapa uani kwangu Rumonge, akarudi nyuma hatua tatu, akaanza kujirusha. Simu inaimba, yeye anacheza, na simu hiyo hiyo inamtazama. Nikamwambia, we mutoto, hiyo ndoo ni ya maji ya kunywa. Hakusikia. Alikuja akanivuta mkono: "Bibi, njoo tucheze wote, watu watafurahi." Nikakataa. Nikakataa tena, kisha nikasimama, maana ukweli ni kwamba mimi nikibembelezwa mara ya tatu sina nguvu. Nikaanza. Mtoto akasimama ghafla kama aliyeona nyoka.

"Bibi, unaanza vibaya! Kila mutu anaanza na mguu wa kulia. Wewe unaanza na kushoto!"

Sasa mwenzangu, mtoto wa miaka kumi na mbili nitamwambia nini? Nilimwambia ndivyo tulivyofundishwa, nikakaa. Lakini wewe ni mtu mzima, vuta mkeka nikueleze. Huu mguu wa kushoto una habari yake. Ni habari ya kaka yangu, na ya jambo moja aliloniuliza njiani nami sikumjibu.

Uhuru ulipokuja nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni bendera mpya, biskuti tuliyogawiwa shuleni, na mwalimu wetu akilia huku anacheka. Tulikaa kwa bibi yetu katika mtaa wa Waswahili, mimi na kaka yangu, aliyenizidi miaka minne. Mama alikuwa amefariki. Baba alivuka ziwa kwenda Kongo kutafuta kazi, na kazi ikampata kweli kweli, hakurudi. Bibi alianika ndagala. Ukisema ndagala kwa watu wa mbali wanadhani ni kitu kikubwa, kumbe ni visamaki vya kidole, lakini sisi vilitulisha, vikatuvisha, vikamsomesha kaka. Asubuhi wavuvi wakirudi, tulitandaza ndagala juu ya mchanga, na jua likipanda kazi yangu ilikuwa kugeuza na kufukuza kunguru. Mji mzima ulinukia ndagala na mawese yanayochemka. Hata leo nikisikia harufu ya mawese ya moto, njaa inanishika, hata kama nimetoka kula sasa hivi.

Mwenye depo ya mawese alikuwa Mgiriki mmoja mnene, mpenda watu, aliyesema Kiswahili kama mtu anayetafuna karanga. Alikuwa na mashine ya sinema. Jumapili mchana, baada ya misa na kabla ya alasiri, aliwasha grupu, ile jenereta yake ya umeme, akafunga milango ya depo giza likaingia, akaonyesha picha kwa yeyote aliyetaka. Wavulana walienda. Sisi wasichana wa mtaa wa Waswahili tulikatazwa katakata. Wazee walisema, msichana kukaa gizani na wavulana ni fedheha, na bibi yangu ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mgiriki yule hakuwa mjinga. Alikuwa amehudhuria harusi zetu, ameona jinsi wanaume wanavyokaa upande huu na wanawake upande ule na pazia katikati. Basi akaitoa shuka yake ya sinema ukutani, akaitundika katikati ya depo kama pazia. Wanaume mbele kwenye mabenchi, wanawake na wasichana nyuma juu ya magunia. "Sasa harusi," akasema. Wazee wakatazamana, wakaturuhusu. Bibi alikuja mwenyewe mara ya kwanza kukagua, akakaa gunia la mbele kabisa, na tangu siku hiyo hakukosa hata Jumapili moja, mnafiki yule.

Kwenye shuka kavu picha haivuki vizuri, hivyo kazi yetu wasichana ilikuwa kuteka maji ziwani na kuilowesha. Tuliipiga maji mpaka ikang'aa, tukakaa nyuma yake huku matone yanatudondokea miguuni, na picha ikaja kwetu safi, ila imegeuka kama ya kwenye kioo. Lakini nani alijua kwamba imegeuka? Hatukuwa na nyingine ya kulinganisha.

Jumapili moja Mgiriki alileta picha iliyotumwa na ndugu yake kutoka Ulaya. Mwalimu, ambaye alikaa mbele na kutufasiria kwa sauti, alisema: "Hii siyo sinema. Hii ni televizioni. Kule kwao kuna kisanduku nyumbani, na jioni vijana wanacheza ndani yake, kila mutu anawatazama akiwa kwake." Weee! Tukaona vijana wa kizungu, wasichana wenye sketi pana kama miavuli, wavulana wenye nywele zinazong'aa mafuta, wanajinyonga viuno, magoti yanaingia na kutoka, wanazima sigara isiyokuwepo chini ya viatu. Katikati bwana mmoja mwenye tai anasimama anafungua mdomo, anafunga. Picha haikuwa na sauti. Bibi alidhani ni shehe wao anawakemea, akasema, "Mwambieni huyo apaze sauti, hawamsikii." Kwa kuwa sauti haikuwepo, Mgiriki aliweka sahani ya gramafoni, twisti fulani, dansi ya siku zile, aliyokuwa nayo, na picha na muziki havikwenda pamoja hata kidogo. Muziki ukaisha, Wazungu bado wanacheza.

Tuliitaka picha ile kila Jumapili. Mgiriki alichoka, sisi hatukuchoka. Na kaka yangu, mwenzangu, alipotea kabisa siku ile.

Alichukua kasha la mbao la bibi la kufungia ndagala, akang'oa kitako chake ukabaki mraba mtupu, akalitundika kwa kamba kwenye mti wa mpera uani. Akasimama nyuma yake, kichwa na kifua vikaonekana ndani ya mraba. Nywele amezipaka mawese. Akatabasamu kama bwana yule wa tai, akapaza sauti: "Amahoro, amahoro! Hapa iko televizioni ya Rumonge!" Basi. Watoto wote wa mtaa walikuja. Kila Jumamosi, nikimaliza kugeuza ndagala, televizioni ilifunguliwa. Kaka alitangaza, watu wakaingia nyuma ya kasha wakacheza, wengine wakakaa mbele kutazama, kisha wakabadilishana. Muziki ulikuwa debe tupu na midomo yetu. Alinifundisha kusimama mbele yake, uso kwa uso, na kila akitaka kuanza aliusogeza mguu wa kulia mbele kidogo, akausugua chini, akaningoja. Huo ulikuwa mlango. Mimi nikausogeza wa kushoto, ndipo tunaanza. Hakuanza kamwe bila mimi kumjibu. Bibi alipiga kelele kwamba tunamharibia kasha na tunamkanyagia ndagala, lakini mara mbili nilimkuta amejificha mlangoni, kiuno kinamcheza chini ya kitenge.

Aibu yetu ilikuja siku ya sherehe ya kukumbuka uhuru. Mwalimu alitutaka vijana wa Rumonge tucheze twisti uwanjani mbele ya wakubwa waliotoka Bujumbura. Akatupanga mstari mmoja, mvulana, msichana, mvulana, msichana. Gramafoni ikalia. Wavulana wakaenda kulia, wasichana tukaenda kushoto, tukagongana kama mbuzi. Tukarudi, tukagongana tena. Msichana mmoja alianguka juu ya tarumbeta. Watu wa Bujumbura walicheka mpaka kofia zikawatoka. Mwalimu aliturudisha pembeni, akatutazama, akatuambia wavulana wacheze peke yao, kisha sisi peke yetu, akashika kichwa. "Shuka!" akasema. "Jamani, ni ile shuka!" Nusu ya mji ilijifunza mbele, nusu ilijifunza nyuma, na hakuna aliyejua mpaka siku hiyo. Akafikiri, kisha akatupanga mistari miwili inayotazamana. Tulipoanza tena, mguu wa kulia wa mvulana na mguu wa kushoto wa msichana vikaenda upande mmoja, tukarudi pamoja, tukazunguka pamoja, hakuna aliyemgusa mwenzake. Kicheko kikafa. Wakubwa wakapiga makofi. Tangu siku hiyo Gitaza na Minago kote walijua kwamba Rumonge hatuchezi kwa mstari. Watu wa Rumonge tunachezeana, uso kwa uso.

Kaka alikua, akaenda ekole, chuo cha walimu. Likizo akirudi, kasha bado lilikuwepo kwenye mpera, na alikuwa anawatangazia wadogo waliokuja nyuma yetu. Alisema akimaliza shule, siku Burundi itakapopata televizioni, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuonekana ndani. Hakuna aliyebisha. Tulikuwa tumeshazoea kumwona ndani ya mraba.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili. Wewe unaujua, au umeusikia, na kama hujausikia sitaweza kuueleza wote, sina kifua hicho. Mvua zilikuwa zinakaribia kuisha. Kwanza walikuja watu na mapanga, wakaua Watutsi waliowakuta huku kwetu mwambaoni. Mwalimu wetu alikuwa miongoni mwao. Yule yule aliyetufasiria sinema. Tulilia, naye kaka alilia, hakula siku mbili. Baadaye wakaja askari, na sasa zamu ikawa ya Wahutu, na zaidi ya wote waliosoma. Baba yetu alikuwa Mhutu. Katika mtaa wetu jambo hilo lilikuwa halijawahi kutajwa hata siku ya ugomvi, lakini kwenye karatasi lilikuwa limeandikwa.

Kaka alikuwa nyumbani, shule zimefungwa. Asubuhi moja mjumbe wa komine, ofisi ya serikali ya pale kwetu, alikuja na konvokasio, barua ya kuitwa. Karatasi ndogo tu, yenye muhuri. Ilisema wanafunzi wote wafike komine saa tisa mchana na vitambulisho vyao, kuna mkutano kuhusu masomo. Kaka aliisoma, akampa bibi aishike, ingawa bibi hakujua kusoma. Bibi aliupapasa muhuri kwa kidole.

Haikupita saa moja, jirani yetu mvuvi akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mtu wa maneno machache, jasho linamtoka. Alisema: "Mama, saa nane mimi natoka na mke wangu na watoto, naenda ng'ambo, Kigoma. Ndani ya boti nafasi ya mutu moja iko. Nipe huyu kijana."

 Bibi alikuwa na msemo wake, ametulea nao tangu tukiwa wadogo, kila tulipovunja kitu tukajificha: asiye na kosa hana mbio. Akausema. Akasema mjukuu wake hajaua mtu, hajaiba, ameitwa kwa karatasi yenye muhuri wa serikali, na akikimbia watasema alikuwa na jambo. "Wakimkosa yeye watakuja kumchukua huyu dada yake. Aende, asikilize, arudi."

Jirani alisema, "Mama, wale wa jana hawajarudi."

"Mkutano unaweza kuchukua siku mbili," bibi akasema.

Hapo kaka akanigeukia. Sikiliza, nilikuwa na miaka kumi na sita, si mtoto. Akaniuliza, "Na wewe unasemaje?" Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limenijaa mdomoni: boti, boti, boti. Lakini sisi tumelelewa kwamba bibi akishasema, mtoto hakati neno lake, na msichana ndiyo kabisa. Nikamtazama bibi. Nikatazama chini. Nikasema, "Mimi sijui." Mungu wangu. Miaka hamsini nalala na kuamka na hayo maneno mawili.

Bibi alimpigia pasi shati jeupe, pasi ya makaa, taratibu, kola mara mbili. Alisema mtu akiitwa ofisini asiende kama muhuni, wakimwona nadhifu watamheshimu. Mimi nilipaka viatu vyake rangi mpaka vikang'aa. Hebu fikiria. Tulimwandaa kwa mikono yetu, tukamfuta hata vumbi. Saa nane tulisikia mashine ya boti ya jirani ikiwaka kule pwani, ikanguruma, ikaenda ikipungua. Kaka alisimama katikati ya nyumba akisikiliza mpaka ikaisha. Kisha akachukua kitambulisho chake.

Nilimsindikiza hadi barabara kubwa, pale penye kona ya kwenda komine. Mjumbe alikuwa anamngoja, na vijana wengine wanne watano, wote wamevaa vizuri. Kaka alinigeukia. Hakusema kwaheri. Alitabasamu kile kitabasamu chake cha kasha, akausogeza mguu wa kulia mbele kidogo, akausugua kwenye vumbi, akaningoja.

Nilimwonea haya. Si yeye, watu. Barabara imejaa, askari amesimama, mjumbe anatutazama, na mimi ni msichana mkubwa mwenye ushungi. Nilifikiri, huyu naye, huu ndio wakati wa mchezo? Nikamfanyia ishara ya mkono: nenda bwana, utachelewa. Alingoja kidogo zaidi. Kisha akaurudisha mguu, akaenda.

Jioni ile malori yalipita. Bibi alipika ugali na ndagala za kukaanga kwa mawese, akapeleka komine ndani ya bakuli lake la maua. Siku ya kwanza askari alipokea. Siku ya pili akapokea. Siku ya tatu alimrudishia bakuli limejaa, chakula cha jana kimelala ndani yake, akamwambia kwa adabu kabisa, "Mama, usilete tena." Bibi alirudi na bakuli kichwani, akalitua, akakaa chini ya mpera, akitazama lile kasha. Sikuwahi kumsikia tena akisema ule msemo wake mpaka tulipomzika Kigoma. Jirani yule wa boti alirudi kutuchukua, Mungu amlipe, nasi hatukubisha. Ninachokumbuka kwenye boti ni bibi akirudia kwa sauti ya chini, kama anamweleza mtu, "Mimi ndiye niliyepiga ile pasi. Mimi mwenyewe." Mimi ndiye niliyepaka viatu.

Nilipozeeka nilirudi, kama wengi walivyorudi. Ua wetu una watu wengine, wema tu, waliniruhusu kuingia nione. Mpera umekatwa. Depo ya Mgiriki inauza sementi na magodoro. Niliuliza vijana pale kama wamewahi kusikia kwamba humu ndani kulikuwa na sinema yenye watazamaji pande mbili, wakacheka, wakadhani mama amechoka na jua. Twisti yenyewe hakuna anayeijua. Wale niliogongana nao uwanjani nawahesabu kwa vidole, na vidole vinabaki. Ndagala zipo, namshukuru Mungu, na bado zinanuka.

Sasa rudi kwa mjukuu wangu na ile simu. Jana alinijia tena. "Bibi, njoo, hata kama unaanza vibaya, tutacheka." Akaigeuza simu ili nijione wakati nacheza, akaiegemeza kwenye ndoo, ile ile niliyomkataza. Nikasimama. Mle ndani ya kioo, ndani ya mraba ule mdogo, mtu akasimama mbele yangu. Nikausogeza mguu wangu wa kushoto mbele kidogo, nikausugua chini. Na yule wa ndani ya mraba, aliyenitazama uso kwa uso, akausogeza wa kulia.

Lile paji la uso ni la kwetu, wote tunalo. Nywele zimekuwa nyeupe, lakini hata za kaka zingekuwa nyeupe sasa. Nikaanza kucheza, naye akacheza, tukaenda upande mmoja, tukarudi pamoja. Sikugusa kitu, sikugongana na mtu. Mjukuu alipiga makofi, baadaye akaacha, nadhani aliona machozi.

Nilipochoka nilimwomba anionyeshe tena. Akabonyeza, nikatazama. Kulikuwa na bibi kizee mmoja, kitenge kimemshuka, anaanza na mguu wa kushoto, anacheza na hewa.

"Siyo hii," nikamwambia. "Niwekee ile ya kwanza. Ile alipoanza na kulia."

"Bibi, ni hii hii. Simu ikishahifadhi inageuza. Ile nyingine huwezi kuihifadhi, unaiona tu wakati unacheza."

"Wakati nacheza tu?"

"Eeh, bibi. Ukisimama inakwisha."

Magoti yalikuwa yananiuma sana. Nikamwambia awashe tena.